Vishikwambi vya Shule: Dalili za Hitilafu, Vyanzo Vyake na Taarifa za Wanafunzi Zilizomo Ndani

Mwongozo huu unamhusu mwalimu aliyekabidhiwa funguo za chumba cha kompyuta, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa hisabati au fizikia aliyeonekana mwepesi wa simu kuliko wenzake, na ambaye sasa huitwa kwa kila kitu chenye skrini. Mazingira ninayoyafikiria ni ya shule ya sekondari ya Tanzania yenye vishikwambi 40 hivi vya wanafunzi, kompyuta mpakato moja inayotumika kama seva ya masomo, ruta moja, na intaneti ya bando inayokuja na kuondoka. Nimehudumia vyumba vya aina hiyo kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali la "kifaa hiki kina nini?" huchelewesha kazi, ilhali swali la "kifaa hiki kinatumia akaunti ya nani?" huifupisha. Hitilafu nyingi zinazoletwa mezani kwangu zimetokana na akaunti, na taarifa nyingi za wanafunzi nilizoona zikivuja zilivuja siku ambayo mtu alikuwa akitengeneza hitilafu kwa haraka.

Kabla ya kugusa chochote, fungua daftari. Andika namba ya kifaa, jina la aliyekitumia mara ya mwisho, akaunti iliyokuwa wazi, tarehe, na maneno yaliyoonekana kwenye skrini kama yalivyo, bila kuyafasiri. Kifaa kisicho na namba kipewe namba sasa hivi kwa wino usiofutika, kwa kuwa huwezi kufuatilia ugonjwa wa mgonjwa asiye na jina.

Kishikwambi hakiwaki kabisa

Dalili hii huja zaidi katika wiki ya kwanza baada ya likizo ya Juni au ya Desemba. Vifaa vilifungiwa kabatini vikiwa na chaji kidogo, betri ikaendelea kujimaliza polepole, na sasa skrini ni nyeusi. Usikate tamaa mapema, kwa sababu betri ya lithiamu iliyoshuka sana huweza kukaa kwenye chaja nusu saa au zaidi kabla alama ya chaji haijaonekana. Anza kukagua waya, kisha chaja, kisha soketi ya ukutani, maana hivyo vitatu huharibika mara nyingi kuliko kifaa chenyewe. Chukua kishikwambi unachojua ni kizima, kichomeke kwenye waya unaoutilia shaka, na jibu utalipata kwa dakika moja. Waya ukiwa mzima, mulika tundu la chaji kwa tochi, kwani vumbi na nyuzi za mabegi hushindiliwa humo kila siku mpaka plagi inashindwa kuingia hadi mwisho. Uchafu huo utolewe kwa kijiti cha meno, kifaa kikiwa kimezimwa, wala isitumike pini.

Mgongo wa kifaa ukiwa umevimba, au skrini ikianza kuinuka pembeni, acha uchunguzi hapo hapo. Betri imevimba: usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Kiweke kifaa juu ya sakafu ya saruji, mbali na karatasi na mapazia, mpaka kitakapochukuliwa na fundi anayezijua betri. Ili hali hiyo isijirudie, kila likizo inapokaribia vifaa vichajiwe hadi karibu nusu, kati ya asilimia 40 na 60, kisha vizimwe kabisa na kuwekwa mahali penye ubaridi. Kabati la chuma lililo chini ya paa la bati lisilo na dari, mwezi wa Januari hapa pwani, ni tanuri.

Skrini inadai akaunti ya mtu asiyejulikana

Katika kazi yangu hii ndiyo hitilafu iliyozifanya shule ziweke kando vifaa vizima kana kwamba vimekufa. Kifaa kinawaka, kinashika mtandao, lakini kinakataa kuendelea mpaka kipewe akaunti iliyokitumia awali. Ujumbe huo unaweza kuwa na asili tatu au nne zinazofanana usoni na kutofautiana kabisa katika tiba, kwa hiyo usibonyeze kitu kabla hujajua uko kwenye ipi.

Asili iliyo ya kawaida zaidi ni kinga ya Android dhidi ya wizi. Tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, kishikwambi kilichounganishwa na akaunti ya Google kikifutwa kwa kutumia vitufe vya pembeni, bila akaunti hiyo kuondolewa kwanza kwenye mipangilio, kitaomba akaunti ileile kitakapowashwa upya. Kinga haimtofautishi mwizi na mwalimu aliyesahau. Mkasa wake huwa hivi: mwalimu ambaye sasa amehamishwa alikiwasha kifaa kwa barua pepe yake binafsi kwa sababu siku ile hakukuwa na nyingine, mwanafunzi akabadilisha mchoro wa kufungulia, kisha mtu akashika kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, akafuta kila kitu, akidhani ametibu.

Tiba ya halali ni kumpata mwalimu huyo aje aingize nywila yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha aiondoe akaunti kwenye mipangilio mbele yenu. Usimwombe aitume nywila kwa ujumbe wa simu. Nywila hiyo hiyo ndiyo inayofungua barua zake, picha za familia yake na pengine nyaraka za shule anayofundisha sasa, na ujumbe huo utabaki kwenye simu yako muda mrefu baada ya kishikwambi kupona. Kama ameisahau akalazimika kuibadilisha, subirini saa 24 kabla ya kujaribu, kwa sababu kifaa huweza kuikataa nywila iliyobadilishwa muda mfupi uliopita. Asipopatikana kabisa, chukua risiti ya ununuzi au hati ya makabidhiano uende kwenye kituo cha huduma cha kampuni iliyotengeneza kifaa. Vijana wa vibandani wanaoahidi kukiflashi kwa elfu chache wanaweza kweli kukifungua, lakini huwezi kujua ni mfumo gani wameweka humo wala unapeleka wapi yatakayoandikwa na wanafunzi.

Asili ya pili ni kifaa kinachosimamiwa kutoka mbali na taasisi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, na wapo wakuu wa shule wanaodhani kila kishikwambi chenye nembo ya serikali kinaweza kupewa darasa. Kifaa kilichosajiliwa chini ya usimamizi wa taasisi huonyesha maandishi yanayosema hivyo, na hata kikifutwa mara kumi kinaweza kurudi chini ya usimamizi uleule mara kinapogusa intaneti. Usishindane nacho, andika barua kupitia kwa mkuu wa shule kwenda kwa ofisi iliyokitoa.

Vifaa vya msaada kutoka nje vina tabia hiyo hiyo kwa sura nyingine. Chromebook, yaani kompyuta mpakato inayotumia mfumo wa Google, iliyokuwa mali ya shule ya Ulaya au Marekani hubaki imefungwa kwenye mfumo wa shule ile mpaka msimamizi wa huko aiachilie, na iPad iliyoachwa na kufuli la mmiliki wa zamani haifunguki mpaka mmiliki huyo aliondoe, jambo analoweza kulifanya akiwa kwake bila kukigusa kifaa. Kwa hiyo barua ya msaada itaje namba ya utambulisho ya kila kifaa na kuthibitisha kwamba kimeachiliwa, na barua hiyo idaiwe kabla kontena halijapakiwa. Chromebook pia zina tarehe ya mwisho wa masasisho kwa kila modeli, nayo hutangazwa na Google wazi. Msaada ambao tarehe yake imekwisha pita ni mzigo uliofungwa utepe.

Ili hitilafu hii isizaliwe tena, kila kifaa kiwe na akaunti ya shule iliyopewa jina la namba ya kifaa, na namba ya simu ya kurejeshea nywila iwe ya laini ya shule. Orodha ya nywila ikae kwenye bahasha iliyofungwa ofisini kwa mkuu wa shule, na kila anayeifungua asaini. Wanafunzi wasifungue akaunti zao za Google kwenye vifaa hivi kwa kudanganya mwaka wa kuzaliwa, kwani wapo wa kidato cha kwanza ambao hawajatimiza miaka 13, na chini ya umri huo akaunti huhitaji usimamizi wa mzazi.

Seva inafanya kazi lakini wanafunzi hawaioni

Nitatumia mfano wa Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality iliyobuniwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: video na mazoezi hupakiwa mara moja kwenye seva, na vishikwambi huyasoma kupitia kivinjari kwa anwani ya seva inayofuatwa na namba 8080.

Ikiwa hakuna kishikwambi hata kimoja kinachofungua, shaka iangukie seva. Chanzo ninachokuta mara nyingi ni anwani iliyobadilika: umeme ulikatika, ruta ikawaka upya, ikaipa seva anwani mpya, na vishikwambi vyote vinaendelea kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee seva anwani isiyobadilika. Chanzo kingine hujificha zaidi. Windows inapokutana na mtandao mpya huweza kuuhesabu kuwa wa umma, na ukuta wake wa ulinzi hufunga milango kwa wageni wote. Programu itafunguka vizuri kabisa kwenye seva yenyewe, jambo linalomdanganya mwalimu, huku darasa zima likisubiri. Badilisha mtandao huo uwe binafsi, au iruhusu Kolibri kwenye ukuta wa ulinzi. Usiuzime ukuta wote, kwani kompyuta hiyo ina majina na alama za shule nzima. Mwisho angalia kama kuna mtu aliyefunika kompyuta mpakato ikalala.

Ikiwa baadhi wanaingia na wengine hawaingii, seva haina kosa. Ruta ndogo na vifaa vya intaneti vya mfukoni huwa na kikomo cha idadi ya vifaa, ambacho huweza kuwa 10 au 32, na kifaa cha 33 kitaachwa nje bila maelezo. Kuna pia dalili ya kuchekesha ambapo mkondo wa A unasoma vizuri asubuhi na mkondo wa B unakosa mtandao mchana, ingawa idadi ni ileile. Sababu ni kwamba ruta humpa kila mgeni anwani kwa muda maalumu, mara nyingi saa 24, na simu za walimu pamoja na vishikwambi vilivyokwisha zimwa bado vimeshikilia anwani za asubuhi. Punguza muda huo uwe saa moja, ongeza wigo wa anwani, na badilisha nywila ya Wi-Fi ambayo kwa sasa inajulikana hadi kwa muuza maandazi.

Kurasa zikifunguka na video zikakwama, tatizo ni mawimbi ya Wi-Fi hewani. Shusha ruta kutoka juu ya kabati la chuma, iweke katikati ya chumba, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, na waonyeshe wanafunzi video moja kwa projekta badala ya kuivuta mara 40.

Mwanafunzi ameonekana kufanya zoezi siku ambayo hakuwapo

Sehemu hii inastahili utulivu kuliko zote, kwa sababu hitilafu yake haizuii kitu. Hakuna anayelalamika, darasa linaendelea, na kumbukumbu za uongo zinajikusanya mpaka siku mwalimu wa taaluma anapochapisha ripoti na kumwita mzazi.

Linganisha ripoti ya seva na daftari la mahudhurio. Kama tarehe zimepotoka kwa wanafunzi wote kwa kiasi kilekile, chanzo ni saa ya seva. Seva zilizojengwa juu ya kompyuta ndogo za Raspberry Pi za matoleo ya kabla ya la tano hazina saa yenye betri ndani yake. Zikizimwa mahali pasipo na intaneti, zikiwashwa huendelea na wakati wa mwisho zilioukumbuka. Kompyuta mpakato ya zamani hupata ugonjwa huo betri yake ndogo ya saa, ambayo mara nyingi ni ile ya CR2032 yenye volti 3, inapokwisha. Badilisha betri, au ongeza kipande cha saa kwa Raspberry Pi, na hadi hapo utakapokipata weka zoezi la kusahihisha saa liwe la kwanza kila asubuhi. Kumbukumbu zilizokwisha potoka usizisahihishe kwa kukisia. Andika kwenye daftari ni kuanzia lini hadi lini haziaminiki.

Kama tarehe zimepotoka kwa wanafunzi wachache tu, chanzo ni mlango ulioachwa wazi. Kolibri inamruhusu msimamizi kuwaacha wanafunzi waingie kwa jina tu bila nywila. Kwa watoto wa darasa la kwanza uamuzi huo una maana. Kwa kidato cha tatu, ambako vijana wanatambiana alama, ni mwaliko. Mwingine huingia kwa jina la mwenzake ili amharibie, mwingine ili amsaidie, na mwingine kwa sababu tu kifaa alichopewa kilikuwa bado kimefunguliwa kwa jina la aliyetangulia. Sababu hii ya tatu ndiyo niliyoikuta katika shule moja ambako mwanafunzi alikaribia kuadhibiwa kwa udanganyifu: alikuwa amelazwa hospitali wiki nzima, na aliyefanya mazoezi yake ni kijana wa mkondo mwingine ambaye hakujua kwamba skrini ilikuwa na jina la mtu.

Tiba ina hatua ambazo lazima zifanywe kwa pamoja. Washa sharti la nywila, na kila mwanafunzi achague yake badala ya darasa zima kupewa 12345. Kwenye kila kivinjari zima uhifadhi wa nywila na ufute zilizokwisha hifadhiwa, vinginevyo kishikwambi kitamjazia mtu wa pili nywila ya mtu wa kwanza. Dakika tatu za mwisho wa kipindi ziwe za kutoka kwenye akaunti, na kiranja asikipokee kifaa chenye jina la mtu kwenye skrini. Nafasi za mwalimu na za msimamizi nazo zitenganishwe: mwalimu wa somo anahitaji kuona darasa lake tu, na nafasi ya msimamizi mkuu ibaki kwa watu wawili wanaojulikana kwa majina. Palipo na walimu kumi wanaotumia nafasi moja ya msimamizi, alama ikibadilishwa hakuna atakayeweza kuulizwa.

Bando linakwisha, na picha zinatokea mahali pasipotarajiwa

Dalili hizi mbili nimeziweka pamoja kwa sababu chanzo chake mara nyingi ni kimoja. Bando la mwezi limekwisha kwa siku nne. Na mwalimu mmoja, akiwa nyumbani, anaona kwenye simu yake picha za wanafunzi wa maabara ambazo hakuzipiga. Kishikwambi kilichowashwa kwa akaunti yake binafsi kinapakia kila picha kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, na kila picha inakula bando ikielekea huko. Zima upakiaji wa picha, ondoa akaunti hiyo, kisha mwombe mwalimu azifute picha hizo kwenye hifadhi yake na kwenye kapu la taka la hifadhi hiyo, ambako hukaa kwa muda baada ya kufutwa.

Kama hakuna akaunti binafsi, angalia masasisho ya programu. Weka mtandao wa shule kwenye hali ya kuhesabiwa data, kisha panga siku moja kwa mwezi ya kusasisha vifaa kwa zamu. Usiyazime moja kwa moja, kwa kuwa kifaa kisichosasishwa hubaki na matundu yanayojulikana na kila mhalifu. Kompyuta za Windows 10 zina shida ya ziada, kwani Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Programu ya kujifunzia inayoonyesha matangazo ya kamari katikati ya zoezi la Kiingereza haijaingiliwa na virusi. Imeundwa hivyo: ni ya bure kwa sababu anayelipa ni mtangazaji. Fungua ukurasa wa ruhusa zake kwenye mipangilio uzikague. Programu ya kuhesabu haina sababu ya kujua mahali alipo mtoto, kusoma orodha ya majina ya simu, wala kusikiliza maikrofoni, na ikikataa kufanya kazi baada ya kunyimwa hayo, ifute utafute nyingine. Kwenye Android 12 na kuendelea unaweza pia kukifuta kitambulisho cha matangazo cha kifaa, yaani namba ambayo watangazaji hukifuatilia kifaa kwayo.

Mambo madogo yanayotisha kuliko yalivyo

Kivinjari kikidai kwenye kila tovuti kwamba muunganisho si salama, angalia tarehe ya kifaa kabla ya kuita mtu. Vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kifaa kinachoamini tuko mwaka 2015 kitavikataa vyote. Usiwafundishe wanafunzi kubonyeza "endelea hivyo hivyo". Flashi ikionyesha njia za mkato badala ya mafaili, kwa kawaida mafaili yamefichwa tu: safisha kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi, kisha toa amri attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi hiyo. Halafu jiulize orodha ya wanafunzi yenye tarehe za kuzaliwa ilikuwa inafanya nini kwenye flashi inayozunguka na vibanda vya kuchapishia.

Mzazi ameona taarifa za mtoto asiye wake

Mzazi anapiga simu akiuliza kwa nini mtoto wa jirani hajalipa ada. Kwa kawaida mwalimu wa darasa ametuma faili la Excel kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, akiwa ameficha safu za ada, simu na maoni ya nidhamu. Safu iliyofichwa bado imo ndani ya faili, na vilevile mistari iliyochujwa na kurasa zilizofichwa. Anayelipokea anazifunua kwa kubonyeza mara mbili.

La kwanza ni kusimamisha uvujaji. Futa ujumbe kwa wote. WhatsApp inaruhusu hivyo kwa takriban siku mbili na nusu tangu ujumbe kutumwa, ingawa nakala zilizokwisha pakuliwa hubaki. Waandikie wazazi wazi kwamba faili limetumwa kimakosa na uwaombe walifute. Usinyamaze ukitumaini kwamba hawajaona. Kisha andika: ni faili gani, lina taarifa za wanafunzi wangapi, lilikaa saa ngapi, nani alilituma. Maandishi hayo yatahitajika.

Yatahitajika kwa sababu ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Chini ya sheria hiyo taarifa za watoto zinahesabiwa miongoni mwa taarifa nyeti, ridhaa ya kuzichakata hutolewa na mzazi au mlezi, wakusanyaji wa taarifa wanapaswa kusajiliwa, na usalama wa taarifa ukivunjwa Tume inapaswa kujulishwa mapema iwezekanavyo. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Anayedhani hayo ni maneno ya makabati akumbuke kwamba mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna huyo iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Picha zile hazikuibwa na mdukuzi yeyote. Zilitolewa na shule yenyewe.

Kwa hiyo ukikuta picha za wanafunzi kwenye ukurasa wa shule, usianze na ubora wake. Uliza fomu ya ridhaa iko wapi, imetaja matumizi gani, na nani alisaini. Ridhaa ya kumpiga mtoto picha ya kitambulisho haigeuki kuwa ridhaa ya kumweka kwenye tangazo la nafasi za masomo. Fomu inayosema "nakubali mambo yote ya shule" haimlindi mtu.

Kuhusu matokeo, tiba ya kudumu ni kumtumia kila mzazi ukurasa wa mtoto wake peke yake. Ikilazimu kubandika orodha, ibandikwe kwa namba, kama Baraza la Mitihani la Tanzania linavyochapisha matokeo ya kidato cha nne kwa namba ya mtahiniwa bila jina, na mpangilio wake usifuate alfabeti ya majina, la sivyo mwanafunzi yeyote mwenye daftari la darasa ataukokotoa. Safu ya ada isikae kabisa katika faili moja na safu ya alama. Vikitengwa tangu mwanzo, hakuna kitu cha kuficha wakati wa kutuma.

Kifaa kinakwenda kwa fundi, au kinaondoka moja kwa moja

Fundi anayebadilisha tundu la chaji hahitaji nywila. Akiiomba ili "ajaribu", kajaribu wewe mwenyewe siku ya kukichukua. Toa kadi ya kumbukumbu na laini ya simu kabla ya kukikabidhi, toka kwenye akaunti zote kama skrini bado inafanya kazi, na uandikishe namba ya utambulisho kwenye stakabadhi ili urudishiwe kifaa kilekile. Kifaa kilichovunjika skrini kina taarifa zote kamili ndani yake, na atakayeweka skrini mpya atazisoma.

Kinapoondolewa kabisa, iwe kwa kuuzwa, kugawiwa au kutupwa, fuata mpangilio ule ambao ungetamani mwalimu aliyehamishwa angeufuata: hamisha kazi za wanafunzi zinazohitajika, ondoa akaunti kwenye mipangilio, kisha futa kifaa ukiwa ndani ya mipangilio hiyo, wala si kwa vitufe. Kiwashe upya mbele ya shahidi mpaka kifike kwenye ukurasa wa kuchagua lugha bila kudai akaunti. Kompyuta yenye diski ya zamani itolewe diski hiyo na kutobolewa. Baada ya hapo mtunza stoo aandike kwenye leja namba ya kifaa, tarehe, aliyekifuta, aliyeshuhudia na kilikokwenda, na msaini wote wawili kabla kifaa hakijatoka mlangoni.